Kura ya Komeo la Mama

Sijui ni nani aliyeiambia kamati yetu kwamba kila kitu kwenye habari ya maisha ya mtu lazima kiwe ishara ya kitu kingine. Labda ni karani, aliyesoma mpaka sekondari na hakupenda tusahau. Ninachojua ni kwamba Jumamosi nzima, kwenye chumba cha nyuma cha duka moja mjini Eldoret, watu wazima waliacha kazi zao wakabishana juu ya komeo la mlango.

Komeo lilikuwa la Mama mmoja wa kikundi chetu cha kununua shamba. Tulikuwa tumelipata shamba la mzungu upande wa Soy, na siku ya kugawana vipande ilikuwa imekaribia. Kamati ikataka, kabla ya nyama kuliwa, isomwe habari ya mateso ya zamani. Mama alikuwa amefanya kazi kwenye shamba hilohilo tangu usichana wake. Kuandika hakujua, basi mimi, fundi cherehani wa darasa la saba mwenye ndoto ya kuandika vitabu, nikakaa jikoni kwake nikaandika alivyosema. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyealikwa harusini.

Alisema ya posho na viboko, kisha akasema kwamba kwenye nyumba za laini, walikokaa wafanyakazi, ilikuwa marufuku kuweka komeo kwa ndani. Nyapara alitaka kuingia saa yoyote, aone kama umeficha mahindi, kama una mgeni, kama kweli unaumwa. Aliingia watu wakila. Aliingia mtu akioga. Mama alipopata nyumba yake mwenyewe, kabla ya mbegu na kabla ya jembe, alinunua komeo. "Kila jioni nalifunga mapema, jua bado liko," ndivyo alivyomaliza. "Halafu nakaa tu, naliangalia."

Nililia kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kulia, na nikaona hakuna la kuongeza.

Kamati ikaliona.

"Komeo ni ukoloni," karani akasema. "Ni chuma, na linafunga. Uhuru ni mlango wazi."

"Mlango wazi Eldoret hii?" akacheka mama mmoja muuza mboga. "Utaamka huna sufuria!"

Mzee wa kanisa akasema komeo ni moyo wa mwenye dhambi. Mwenye duka akasema hapana, ni hati ya shamba. Nikashindwa kuvumilia.

"Wazee wangu, komeo ni komeo! Anafurahi kwamba hakuna mtu wa kuingia kwake ovyo."

"Dada, wewe kazi yako ni kuandika na kuwasomea watu," karani akanijibu. "Kufafanua tuachie sisi."

Sasa, kwa kuwa shamba lilikuwa la wengi na hakuna aliyemwamini mwenzake, tulikuwa tumezoea kupigia kura kila kitu: dume la kununua, mahali pa kuchimba choo. Kwa hiyo mwenyekiti akagonga meza.

"Wanaosema komeo ni ukoloni, mikono juu."

Mama, aliyekuwa kwenye benchi la pembeni, akauliza, "Na mimi nainua wapi?"

"Mama, wewe ndiye mwenye komeo. Huwezi kupiga kura kwa kesi yako mwenyewe."

Ukoloni ukashinda. Karani akaniamuru niongeze mwishoni: "Na siku ya Uhuru nikalitupa komeo hilo, nikawafungulia mlango ndugu zangu wote."

Nilimkimbilia Mama nje. "Tukatae, Mama!"

"Nikikataa watasema nimekataa Uhuru." Akafunga leso upya, polepole. "Lakini mwanangu, hayo ya posho na viboko kila mtu anayo. Hilo la komeo ndilo nililotaka watoto wangu walisikie."

Siku ya kugawana ikafika. Nikasoma mpaka pale Mama anapoliangalia komeo lake, nikakunja karatasi, nikakaa. Karani akasimama haraka, akamalizia mwenyewe kwa kichwa, kwa sauti kubwa kama ya mhubiri. Alilitupa komeo mbali sana, kwa mkono kabisa.

Muuza mboga akaita kutoka nyuma, "Mama, ulilitupa wapi? Nielekeze nikaokote, langu limevunjika!"

"Muulize karani," Mama akasema. "Ndiye amelitupa. Mimi asubuhi nimeliacha mlangoni."

Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akagonga meza, karani akaanza kutueleza kwamba hatujui kusoma ishara, na mimi, kusema kweli, nilitamani nyama impalie.

Lakini binti mdogo wa Mama alikuwa amemvuta leso. "Mama, kwani huyo nyapara alikuwa anaingia tu? Hata hapigi hodi?"

"Hata hodi," Mama akasema. Akamsogeza karibu, akaanza kumweleza, na watoto wake wengine wawili wakaacha foleni ya nyama wakaja kusikiliza.