Jina Nililopewa Unyagoni

Wasomaji wangu, nicheke mimi kwanza. Mwenyekiti wa kijiji chetu, ng'ambo ya Ndundu, aliwaruhusu wafugaji kuingiza ng'ombe mashambani mwetu, nami nikaandika barua gazetini. Kwa kuogopa kunyang'anywa shamba, nikajificha nyuma ya jina nililopewa unyagoni: Mwanamvua. Waliolijua nawakumbuka wote, Bi Zena, Bi Havijawa na Bi Tatu, na wote wameshatangulia.

Mkutanoni mwenyekiti akainua gazeti. "Huyu Mwanamvua ni nani?"

Watu wakatazamana. Nikainamia kanga yangu.

Akapandwa na hasira. "We Mwanamvua!"

Kungwi wangu alinifinya sana mapaja ili nikiitwa jina hilo niitike upesi. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe:

"Abee, baba!"