Pisini ya Bugarama Iliyopanda Juu

Bora niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa mwingine ataongeza chumvi, na hii habari chumvi yake inatosha. Hapa Bugarama wananiita Fundi Safina, na wageni hufikiri ni jina la kanisani. Si la kanisani. Ni la aibu, na aibu yenyewe niliijenga kwa mikono yangu miwili, kwa sementi nzuri kabisa ya Muganza.

Wakati ule vita vya ng'ambo vilikuwa havijaisha. Sisi tuliokulia huko Kongo tulikuwa tumesharudi Rwanda, kila mtu anatafuta pa kushika, na mimi nilishika mwiko wa fundi: kuta, vyoo, nyumba ndogondogo. Nilikuwa nampenda Esperansi, binti wa Mzee Tarsisi, na yeye pia alikuwa ananipenda (nilidhani hivyo, sikuthubutu kuuliza mara mbili). Lakini kwa Mzee huingii hivi hivi. Alitaka mkwe aliyebatizwa kwa maji mengi, mwenye kazi inayoonekana kwa macho.

Sasa Mzee Tarsisi, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa mchele na nyumba yake iko kando ya mashamba ya mpunga, siku moja akaniita akasema anataka pisini nyuma ya nyumba, bwawa la kuogelea la beto, zege nzito, lenye karo za bluu, vile vigae vinavyong'aa. Joto la Bugarama mnalijua. Halafu kanisa lao halikuwa na pa kubatizia, maana askari hawakutaka watu wakusanyike kwenye mto Rusizi, mto ule ndio mpaka, kwa hiyo alisema hata ubatizo utafanyika kwake.

"Umeshajenga pisini?" akaniuliza.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, hapo tu, kwenye swali dogo la maneno mawili. Ningesema hapana papa, lakini nitajaribu, leo ningekuwa na jina langu, Deo. Ila Esperansi alikuwa anapita na sinia ya chai, na mimi nikajisikia nasema, "Papa, Bukavu nilijenga tatu."

Bukavu nilijenga sitena moja ya maji ya mvua, nyuma ya ghala la sabuni, na ilivuja.

Basi tukapatana. Nijenge pisini, nibatizwe ndani yake wa kwanza, kisha Mzee apokee wazee wangu waje kuongea habari ya Esperansi. Nikachimba. Nilipofika kiunoni maji yakaanza kutoka chini, tukaazima motopompe ya kuvuta maji ya jirani, Mzee Sadiki, Mwislamu mkulima wa mpunga ambaye babu zake walizaliwa hapo hapo. Akasimama juu ya shimo, akaangalia, akasema, "Fundi, hapa maji hayatoki mbinguni tu. Wakifungua mifereji ya mpunga, yanapanda kutoka chini." Nikamjibu kwamba ndiyo, asante mzee, Bukavu pia ilikuwa hivyo. (Bukavu ni milima. Hakuna hata shina moja la mpunga.)

Tukafunga nondo, tukapiga kofraji ya mbao, tukamwaga beto siku mbili, nikapiga karo, na nikisema kweli ilipendeza. Ukingo ulikuwa sawasawa na ardhi, unatembea kwenye majani halafu hatua moja uko majini. Tukaijaza nusu kuipima, haikuvuja hata tone, na mimi nikatembea wiki nzima shingo imenyooka. Kosa ni kwamba maji yale yalikaa, yakageuka kijani, na vyura wakahamia.

Ubatizo ulipangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Mzee alikuwa ameondoka kwenda Kamembe kuchukua mchungaji, na Maman Esperansi, mkewe, akanikuta uani akanipa ujumbe: "Mzee alisema hivi: ambia fundi amwage mayi, kesho bantu benyi banakuya."

Amwage maji. Mimi ni fundi, neno kumwaga liko kinywani mwangu tangu asubuhi mpaka jioni, namwaga beto, namwaga fondasio ya nyumba, na siku zote maana yake ni kutia ndani. Siku ile moja tu nikasikia kutoa nje. Sababu naijua: nilikuwa naona haya na yale maji ya kijani, na mtu husikia kile kinachomsumbua. Nikaenda kwa Sadiki kuazima motopompe.

Sadiki akauliza, "Unataka kuitoa maji yote?"

"Yote. Nisugue karo. Kesho asubuhi tunatia masafi."

"Usiiache tupu, baba. Leo wamefungua mfereji mkubwa."

"Mzee Sadiki," nikamwambia, nikicheka (nilizicheka zile mvi, Mungu anisamehe), "unajua ile beto ina uzito gani? Itaenda wapi?"

Ilienda juu.

Jumamosi nilifika mapema, shati jeupe, viatu vya kuazima, nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama. Ukingo wa pisini upande wa mpunga ulikuwa kwenye mkanda wangu. Upande wa nyumba ulikuwa kwenye goti. Kitu kizima, beto, nondo, karo za bluu, kilikuwa kimesukumwa na maji ya chini, kimeinuka kutoka ardhini kimeegemea upande, kama beseni lililosahauliwa kwenye maji. Sikuhisi kitu. Nakumbuka niliinama nikafunga kamba ya kiatu, ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Nikafikiri kukimbia, lakini lori lilikuwa limeshafika na kwaya nzima, mamama, wanawake karibu ishirini wenye kanzu nyeupe, na nyuma yake gari la Mzee na mchungaji. Mchungaji akaja, akaizunguka pisini mara moja bila haraka.

"Ndugu Deo. Hii ni pisini ao ni safina?"

Hapo ningeweza bado kuokoka. Badala yake nikasema, "Pasta, ni modeli ya Bukavu. Inainuliwa kidogo, bantu baone ubatizo vizuri."

Mamama wa kwaya wakasema eee, kweli, Bukavu wana akili. Mmoja akauliza ngazi iko wapi. Mzee Tarsisi akasogea karibu. Aliweka kiganja kwenye ukingo, akausukuma, na pisini, wallahi, ikatikisika.

"Deo," akasema, "jana hii ilikuwa chini."

Sasa mtu aliyebanwa hivyo huwa na mawazo, na wazo langu lilikuwa hili: kama imepanda kwa kukosa uzito, tuipe uzito. Nikapaza sauti, "Mamama, ingieni ndani! Wote! Tuikandamize!" Na wakaingia (hilo hata leo linanishangaza, mtu mwenye shati jeupe akiamuru kwa sauti, watu wanatii), wakapandishwa mmoja mmoja na kanzu zao, pamoja na ngoma, na Maman Furaha mwenye sauti ya kwanza akaanzisha wimbo, wakawa wanarukaruka kwa mapigo, na mimi nimesimama juu ya ukingo nahesabu, moja, mbili, chini! Moja, mbili, chini!

Ikalia kaa! Sakafu ikapasuka katikati, na maji ya matope yakaruka kutoka chini mpaka kwenye kidevu cha Maman Furaha. Wimbo ukageuka yowe. Wakatoka wanavutana, kanzu zimekuwa rangi ya kahawa, ngoma ikabaki inaelea, na ile pisini ikashuka polepole, ikakwama imeinama. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Mzee akamgeukia mkewe. "Nilikutuma uambie fundi nini?"

"Amwage mayi."

"Na yeye?"

"Akamwaga mayi."

"Nilitaka ajaze!"

"Si ulisema amwage?"

Watu wakaanza kubishana pale pale, wengine kumwaga ni kutia, wengine ni kutoa, mchungaji naye akatoa mfano wa chai, mpaka Mzee Sadiki, aliyekuja kutafuta motopompe yake, akasema, "Mngesema ajaze. Kujaza ni kujaza." Hakuniangalia hata mara moja, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

Tukabatizwa kwenye mfereji wa mpunga, wakulima wamejipanga kingoni wanatazama. Kanisani kwao kuna desturi: kabla ya kuzamishwa unasema kwa sauti kitu unachokiacha ndani ya maji. Wengine huacha pombe, wengine chuki. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nikasimama kwenye tope, maji kifuani, Esperansi yuko juu pale na kitenge amejifunika mdomo, sijui analia ao anacheka.

"Unaacha nini, ndugu Deo?"

"Ninaacha pisini tatu za Bukavu."

Wakacheka wote, mpaka wakulima. Mzee Tarsisi hakucheka. "Zote tatu?" akauliza kutoka kingoni.

"Haikuwepo hata moja, papa." Nikazamishwa, na niliomba mchungaji asiwe na haraka ya kunitoa.

Mwezi mzima Mzee hakunisemesha. Kisha akaniita. Nilimkuta kwenye ile kona ya pisini iliyozama, ambapo maji yalikuwa yamejikusanya yenyewe, amekunja suruali, miguu iko ndani. Akasema, "Ikala." Nikakaa.

"Pale Bukavu nilifagia kando ya pisini ya muzungu myaka kumi na moja," akasema. "Sikuingiza hata kidole ya muguu." Akachezesha miguu kidogo. "Hii utaitengeneza namna gani?"

Nikafungua kinywa, na nilihisi kabisa pisini ya nne inakuja ulimini. Nikameza mate. "Papa, sijui."

"Hiyo ndiyo jibu ya muntu," akasema. "Leta bazee bako."

Nikawaleta. Pisini hatukuigusa tena, sasa inafugiwa samaki, na Mzee mpaka alipozeeka kabisa alikuwa akiloweka miguu pale kila jioni. Mimi niliapa mambo mawili: sisemi tena nimejenga nisichojenga, na mtu akiniambia nimwage, nasimama kwanza, nauliza. Kiapo cha kwanza nakishika kwa shida. Cha pili nashikishwa, maana tuna miaka mingi na Esperansi, na hakuna asubuhi hata moja anayoinua birika bila kulisimamisha juu ya kikombe changu, ananiangalia, anauliza mbele ya watoto na wageni wote:

"Fundi, nimwage ndani ao inje?"