Siku Mama Alipiga Kengele ya Kilio

Kanisa yetu ya mutaa wa Katuba bazungu baliijengaka na matofari yekundu, na milango mirefu ya kuviringa juu. Nyuma ya altare mulikuwa chumba kidogo, sakristi, dirisha hakuna. Siku ya Mungu misa, siku ingine masomo ya batoto. Kisha Chama, ile moja tu ya serikali, ikakuya. Balifukuza padiri, balitosha musalaba, balitundika bendera, tukaanza kuchezeshwa ngoma mbele ya altare. Sakristi bijana ba Chama baliigeuza kasho ya kufungia bantu. Mpaka leo nikifikiria ile mambo, hasira inanipanda.

Siku moja kaka yangu alivaa kravati, tai ya shingo, juu ya kuenda kwa ndoa ya rafiki yake. Siku zile kravati ilikuwa kosa: Chama ilisema ni nguo ya bazungu. Bijana ba Chama balimukamata kwa barabara, bakamukokota na ile kravati kama mbuzi mpaka ndani ya sakristi. Mama na mimi tulifuata mbio. Kanisa ile, sauti haikupoteaka mule: kila fimbo tuliisikia mara mbili.

Mama alipiga magoti. Mukubwa wao akamutemea mate.

"Rudia kwako, mama. Kesho utamukuta, kama angali."

Mama alisimama, akaenda kwa munara, akakamata kamba ya kengele. Akapiga moja, akanyamaza, akapiga ingine. Kwetu ile ni kengele ya kilio: ukiisikia, unaacha hata bukari, ugali yako, kwa moto, unafunga kitenge kwa kiuno, unakimbia kulia na wenye kufiwa. Kuipigia muntu muzima ni kumuitia kifo. Nikamukamata mukono.

"Mama, angali muzima! Unamuloga!"

Akanipiga kofi. "Muzima mpaka saa ngapi?"

Mama wee! Bantu balikuya avenyu kwa avenyu, kutoka kila barabara. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa mulango wa pili. Alimukumbatia mama, akalia kweli kweli. Mukubwa wa bijana akatoka na fimbo yenye damu.

"Nani amekufa?"

"Bado," mama akajibu. "Lakini bantu beko tayari."

Fimbo ile ikamushukia mama kwa bega. Njo pale bantu balichachamaa. Matofari, miichi ya kutwangia, viatu, meno! Mimi pia nilipiga, na ningepiga tena. Mulango wa sakristi ulivunjika, kaka akatoshwa na mbavu za kuvunjika, uso wote kuvimba, lakini pumzi iko. Mama akapiga kigelegele. Nilifurahi sana.

Chini ya altare kijana mumoja wa Chama alibaki amelala kifudifudi, kichwa kimepasuliwa na tofari, pumzi hakuna. Jirani yetu, machozi ya kutulilia sisi yangali kwa mashavu, akamugeuza. Alikuwa mutoto wake wa mwisho, aliingiaka Chama juu ya kupata viatu.

Mama alitaka kumukamata jirani mikono. Jirani akaivuta, akamuangalia mama.

"Mama, ile kengele ulikuwa unamupigia nani?"