Msomi wa Ulimwengu Katika Foleni ya Kisaju

Wiki jana nilikuwa Kisaju, nje ya ofisi ya chifu, siku ya kugawa mahindi ya msaada. Kiangazi cha mwaka huu wa 2009 kimemaliza ng'ombe, na foleni ya akina mama ilikuwa imefika barabarani. Msichana mmoja wa Kitengela alikuwa akiipitia na karatasi za maswali. Aliniambia anasomea shahada ya masomo ya ulimwengu, yaani maisha ya watu wa nchi mbalimbali, na mhadhiri wao amewatuma wapime njaa.

Alimsalimia mama mmoja kwa Kimaasai, akainama amsikie vizuri.

"Mnakula mara ngapi kwa siku, mama?"

"Mara moja. Tukipata."

"Uko na watoto wangapi?"

"Wanne." Mama aliinua vidole vinne, akakunja kimoja. "Hapana. Andika watatu."

Msichana aliinua kalamu. "Mwingine yuko wapi?"

"Tulimzika Jumanne."

"Pole sana, mama. Aliitwa nani?"

Mama akatikisa kichwa. "Mtu akishaenda, sisi hatutaji jina lake."

Msichana aligeuza karatasi mbele na nyuma. Hapakuwa na swali linalohusu jambo hilo. Aliandika watatu, kisha akamshika mama bega mpaka foleni iliposogea. Hakumuuliza mtu mwingine.

Karatasi hizo zitajumlishwa chuoni, na huenda zikasomwa hata ng'ambo. Zitasema familia hii ina watoto watatu, na hakuna msomi atakayeona kosa.