Kikombe Kisichoonjwa

Mimi si mtu wa kutulia, na baridi yabisi ilinikuta hivyo hivyo. Miaka ile ya vita, nyumbani kwetu Ngagara, Burundi, viungo vilivimba kila asubuhi, magoti, vifundo, vidole, na bado nilitaka kuzunguka nyumba nzima: dirisha, geti, dirisha tena. Mama alinifokea nikae. Nilikaa, nikainuka. Maumivu hayakuniacha nikae, na milio ya bunduki kutoka vilimani haikuniacha nilale. Sijui kipi kilinichosha zaidi.

Vidonge vya zahanati leo vilikuwepo, kesho havipo, maana barabara zilikuwa zikifungwa, malori hayafiki. Vilipokuwepo vilinichoma tumbo. Siku moja jirani yetu, mwanamke aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na ambaye aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba yake, aliniona nikihangaika na kifuniko cha bido, dumu letu la maji, hadi nikalipiga teke. Baadaye akaja na majani makavu ndani ya karatasi. Nilijua ni nini kabla hajasema. Urumogi, yaani bangi. Kwetu hayo yalikuwa mambo ya wahuni na askari, na aliyekamatwa nayo aliishia korokoroni. Nilimtazama kwa hasira. Hakujali. Alisema mama yake mzazi aliitumia miaka mingi kwa ajili ya miguu, wala hakuna aliyewahi kumwona akipiga kelele barabarani.

"Hii si ya kuvuta, dada," aliniambia. "Unachemsha kidogo mu maziwa, unakunywa, unangoja. Usiongeze. Inakuyaka pole pole, haifike mara moja. Mutu anafikiri haifanye kazi, anaongeza, kisha anapotea."

Nilimuuliza pia muuguzi wa zahanati, nikijifanya nasimulia habari za mtu mwingine. Alijibu kwamba hajasikia neno lolote, ila huyo mtu mwingine asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, na asithubutu kuacha kuja kupimwa.

Basi nyumbani tukawekeana masharti. Majani yalikaa ndani ya kopo juu ya kabati, mahali ambapo watoto wa jirani hawafiki. Ningekunywa tu siku ambazo magoti yamekataa kabisa. Na sharti kubwa kuliko yote aliliweka mama: mmoja akinywa, mwingine abaki na masikio. Aliyekunywa hasikii sawasawa, risasi ya mbali anaiona karibu na ya karibu anaiona mbali. Tulikuwa wawili tu, na ilibidi mmoja wetu ajue wakati wa kulala sakafuni na wakati wa kukimbia.

Haikuniponya. Vidole vilibaki vimevimba vile vile. Lakini maumivu yalisogea pembeni kidogo, nikaweza kukaa kwenye kiti kimoja mpaka chai ikapoa. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tatizo lilikuwa mkono wa mama. Kwetu Burundi mtu hakupi kinywaji bila kukionja kwanza mbele yako. Tunaita gusogongera. Iwe pombe ya mtama au maziwa, anayetoa ndiye anayekunywa funda la kwanza, ili ujue hakuna sumu. Na miaka ile watu walikuwa wakiogopana hata ndani ya ukoo mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeruka hatua hiyo. Nilipokuwa mtoto mama alinionjea hata dawa ya kikohozi. Sasa kila aliponiletea kikombe, midomo yake ilitangulia. Nilimwambia aache, akacheka, akasema tone moja halina neno. Jambo hilo lilinikera, maana sharti lilikuwa lake na ndiye aliyekuwa akilivunja. Lakini nilikuwa naumwa, na kikombe nilikitaka.

Jumapili moja baada ya misa, shangazi yangu alikuja kutoka mtaa wa Mutanga Nord. Magoti yalikuwa yamenikatalia tangu asubuhi, na maziwa yalikuwa tayari mezani. Shangazi akanusa, akauliza ni nini. Mama hakujua kudanganya, akasema ni dawa ya jirani. Jirani yupi? Yule wa Uvira. Shangazi alisema mengi: kwamba tumerogwa, kwamba watu wanakufa kwa vitu wanavyopewa na wageni, kwamba marehemu baba yangu, kaka yake, angeona aibu. Akamalizia na lile lililomchoma mama.

"Unamupa mutoto wako kitu chenye we mwenyewe unaogopa kunywa."

Mama alichukua kikombe, akamkazia macho wifi yake, akanywa nusu nzima. Kisha akanipa kilichobaki.

Nilikishika. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Wote wawili tukinywa, nani atasikiliza? Nikakisukuma upande wa pili wa meza, nisikifikie. Shangazi, aliyeridhika sasa, akaaga mapema kabla barabara haijafungwa.

Saa mbili hivi baadaye mama alikuwa jikoni mizinga ilipoanza upande wa kaskazini, na si mbali. Milango ya majirani ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Nilimwita tulale kwenye korido kama tulivyozoea. Hakuja. Nilimkuta amesimama, macho yamelegea, anatabasamu. Akasema anakwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa uani, na uani risasi zilikuwa zinagonga mabati.

Sijui nilitembeaje. Nilimfikia mlangoni, nikashika kitenge chake kwa vidole ambavyo asubuhi vilishindwa kushika kijiko, nikavuta, tukaanguka wote. Nikamlalia. Alilalamika kwamba nguo zitalowa, na mvua hapakuwa. Akaniuliza kama baba amerudi kutoka kazini. Nikamwambia bado. Akauliza tena. Kila aliponyanyuka nilimvuta, na kila nilipomvuta viganja viliniwaka moto, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyashukuru maumivu yale, kwa sababu ndiyo yaliyoniweka macho. Kimya kiliporudi, alikuwa amelala pale pale sakafuni.

Asubuhi hakukumbuka karibu chochote. Nilimweleza yote, hata lile swali kuhusu baba, kwa sababu nilikuwa bado na hasira na nilitaka limuume. Lilimuuma. Kwa muda hatukugusa kopo.

Kisha magoti yakakataa tena. Mama akachemsha maziwa, akamimina, na nikauona mkono wake ukipandisha kikombe mdomoni kwa mazoea. Ukasimama njiani. Akanipa kikiwa kimejaa.

"Sijaonja," alisema. "Mi ndiye nitasikiliza."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa amenipa kinywaji namna hiyo. Mwili wangu ulikataa, ingawa nilijua vizuri kilichomo. Mama akaenda kukaa karibu na mlango, akageuza sikio upande wa vilima. Nikanywa chote.