Winchi ya Nyar Rangwe

Lorine aliolewa upande wa Migori, na kwa kuwa kwao ni Rangwe, hakuna aliyemwita Lorine. Alikuwa Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, hata kwa wachimba dhahabu aliowaundia winchi kwa mikono yake.

Winchi yenyewe, ngoja nikueleze, ni mota inayoshusha ndoo shimoni na kuipandisha. Kwenye mota kuna enkoda, kidude cha kuhesabu mizunguko. Lorine aliandika amri fupi kwa laptop, ikapita kwenye waya mrefu, enkoda ikamjibu kwa namba: ndoo iko hapa. Ikikaribia chini, mota ilipunguza mwendo yenyewe, ndoo ikatua kama kuku anayelalia mayai.

Lakini stima ikipotea, hesabu inafutika. Lazima ndoo ipandishwe mpaka kwenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, ndipo Lorine aandike amri nyingine: hapa ndipo sifuri.

Na gogo hilo hakuruhusiwa kuliona. Pale mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Wanasema dhahabu hukimbia. Basi yeye alikaa kibandani, nyuma ya lundo la mawe, na macho yake yakawa Javan, aliyesimamia ndoo pale mdomoni mwa shimo.

"Mzee Obare, niruhusu nisimame pale nijionee," alimwomba mwenye shimo.

"Nyar Rangwe, mikono yako tumeikubali. Miguu iache huko huko."

Watu wakacheka. Lorine naye akacheka, maana kazi aliitaka.

Siku moja stima ikapotea, ikarudi. Akapandisha ndoo taratibu. "Javan! Imefika kwa gogo?"

Javan alikuwa kivulini na sahani ya nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, mdomo umejaa. Hakuinuka. "Imefika, nyaminwa, dada yangu! Weka sifuri, watu wanangoja!"

Haikuwa imefika. Ilikuwa ikining'inia chini ya gogo, kimo cha watu wawili hivi. Lorine akaweka sifuri, akaishusha. Enkoda ikahesabu kwamba chini bado ni mbali, na ndoo ikatua kwa kasi yote juu ya mguu wa Zablon, mume wa dada yake Javan.

Zablon hata hajatolewa shimoni, mkosaji alishapatikana: mwanamke. Lorine akawageuzia laptop waone namba, kwamba ndoo ilifika chini kabla ya hesabu yake.

"Na hiyo sifuri nani aliiandika?" Obare akamuuliza. "Si wewe?"

Javan akajiunga na waliokuwa wakimvuta Zablon.

Lorine akamfuata Zablon hospitalini, Homa Bay.

"Javan ameniambia," Zablon akasema kabla hajaulizwa. "Alilia. Amesema hakuinuka."

"Basi mwambie Obare."

"Nyar Rangwe, mguu huu hautachimba tena. Javan ndiye anayelisha watoto wangu. Akifukuzwa, utawalisha wewe?"

Obare akamfukuza Lorine, akachinja kondoo mdomoni mwa shimo. Shimo likatakasika, kumbe na winchi pia, maana waliibakisha. Baada ya muda akampigia Lorine simu. "Stima ilipotea. Ile amri ya sifuri inaandikwaje? Javan amekaa kwa laptop, imemshinda."

Angeweza kukata. Lakini chini mlikuwa na watu. Akaitaja herufi moja moja, Javan akizirudia.

"Usibonyeze bado," akamwambia. "Inuka kwanza. Nenda ukaione ndoo."

Akasikia kiti kikisogezwa, na mtu akicheka kwa nyuma: "Huyu mama bado anatutuma!"

Kisha simu ikakatwa.