Zamu ya Tundu la Hewa

Nakumbuka wakati wa vita vya Kagera, mwanangu, nilipotiwa jela ya jeshi kwa sababu ya ngoma. Usicheke kwanza. Nilipewa ruhusa ya siku tatu niende kwetu Soni kwenye harusi ya dada yangu, nikanogewa na ngoma, nikarudi kambini siku ya tano. Wakubwa hawakutaka hata kusikia bibi harusi alivyopendeza.

Walinifungia kwenye stoo ya mabati, tuko wanane, tunalala juu ya saruji tupu, chawa wametujaa, maji kikombe kimoja kwa siku. Mimi mtoto wa ukungu wa Usambara, joto lile lilinichemsha kama kiazi. Hewa iliingia kwa tundu moja tu, ukubwa wa ngumi, na watu walipigana vikumbo kulifikia. Nikajifanya mjuzi.

"Jamani, kwetu maji ya mfereji tunapeana kwa zamu. Na tundu hili tulipangie zamu."

Saa hatukuwa nayo. Basi kila mtu akae tunduni kwa beti mbili za wimbo wa kanisani, mwimbaji mimi. Wakakubali, Waislamu kwa Wakristo.

Mwanangu, madaraka matamu! Zamu za wenzangu niliimba kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Yangu ikifika, kila neno nalivuta. Wa mwisho kwenye zamu, baada yangu, alikuwa koplo mmoja mtu mzima, Mshambaa mwenzangu wa Bumbuli, mgonjwa wa pumu. Siku ya tatu, pua nimeibandika tunduni, ubeti wa pili hauishi, koplo akaanguka.

Tulimbeba tukamweka penye hewa. Nikajua nimeua mtu. Alipopata pumzi akaniita.

"Kijana, wimbo una beti mbili. Kwako umekuwa ibada nzima, na sadaka juu!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nililia.

"Shikamoo, koplo. Nisamehe."

"Marahaba. Kuanzia leo wewe ni wa mwisho, na zamu yako nitakuimbia mimi."

Nilidhani atalipiza. Zamu yangu ilipofika, akaimba kwa kifua kile kinachokoroma, taratibu, beti zote mbili, bila kuruka hata neno. Sijapata kuona aibu kama ile.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa kuwagawia watu, iwe maji, iwe shamba la kijiji, jipimie kama unavyowapimia wao. Ukiona mkono wako unajipendelea, mpe mwingine akupimie, wala usinune. Mungu akupe afya na umri, na siku utakapokosea, akukutanishe na mtu mwenye moyo wa koplo yule.